Gego Langu na Majina ya Kwao Dativa

Mpaka leo nikiwa pale Sonatubes, penye mzunguko wa magari, nikamwona kwa mbali mtu aliyekuwepo siku ile, huwa nainama nijifanye nafunga kamba za viatu, na mara nyingine ndipo naona kumbe nimevaa kandambili. Aibu ninayo, siwafichi. Nimewasimulia mengi ya maisha yangu, ya Bujumbura na ya sokoni, lakini hili nimekuwa nalizunguka, na mke wangu (yuko hapo, ameshaanza kucheka kabla sijasema lolote) ndiye shahidi kwamba sikulizunguka kwa kulisahau, bali kwa sababu kila likinijia sijui nicheke au nilie, na aghalabu naishia kulia.

Ulikuwa mwisho wa mwaka ule wa tisini na nne. Sisi tulikuwa tumefika Kigali kutoka Buyenzi, kule Bujumbura, nilikozaliwa kwa wazazi wakimbizi wa Rwanda na nilikojifunza kuongea (na kuongea ndiyo kazi niliyoiweza kuliko zote, ya pili ikiwa kuuza mitumba). Kigali ya miezi ile ilikuwa na watu wa aina mbili: sisi tuliorudi na marobota yetu, tunaulizana njia, tunapiga kelele kwa sababu tumefika kwetu, na wale wachache waliokuwemo wakati wa mauaji wakasalimika, ambao ukimuuliza mmoja wao njia alikuonyesha kwa kidole tu, basi, akaendelea na safari yake.

Dativa alikuwa wa hao wa pili. Alikuwa anauza sabuni jirani na meza yangu pale sokoni Nyabugogo, msichana mrefu, mpole, mwenye tabia ya kupanga miche ya sabuni upya hata kama hakuna aliyeigusa. Kwao kulikuwa upande wa Rebero, na watu wake wote waliuawa mwezi wa nne, akabaki peke yake. Namna alivyopona hakunisimulia na mimi sikumuuliza. Nilichofanya ni kuongea, nikaongea kila siku mambo ya kipuuzi, ya mbuzi wa jirani yetu Buyenzi na ya shangazi yangu aliyeogopa lifti, mpaka siku moja akacheka, na mke wangu nilipomwambia jioni kwamba Dativa amecheka aliacha kupepeta maharage akanitazama.

Akapatikana Fredi, dereva wa lori, kijana aliyekulia Uganda, aliyekuwa ananunua sabuni nyingi kuliko mwili wake ulivyohitaji. Wakapendana. Wazee wa Fredi wakasema ni vizuri, lakini mambo yafanywe kwa heshima, watakuja kuomba. Na kuomba kwetu si mchezo: wageni wa upande wa mvulana wanakaa safu moja, wenyeji wa upande wa msichana safu nyingine, kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao wanashindana kwa maneno, huyu anaomba, yule anakataa kwa madaha, wanataniana wee mpaka mwisho binti anatolewa. Mwenyewe muda wote huo amefichwa chumbani, haonekani mpaka aitwe. Sasa Dativa safu ya wazee angeitoa wapi?

Tukaiazima. Mwaka ule watu waliazimana wazazi kama walivyoazimana masufuria. Fundi cherehani aliyekulia Karagwe akawa baba mdogo, mama mmoja mjane wa mtaani kwetu, naye amesalimika peke yake kwao, akawa shangazi, na mimi, kwa ajili ya mdomo wangu, nikapewa kiti cha baba na usemaji. Dativa alikuja nyumbani jioni moja baada ya soko kuniomba mwenyewe.

"Papa Alini, mimi siko mtoto ya barabarani," akasema. "Niko na kwetu. Wewe utakaa pa baba, utasema majina yao yote, moja moja, wale wageni wasikie kama niko na watu."

Nikatafuta kalamu niyaandike. Akanishika mkono, akaniambia hapana kuandika. Nilikuwa mgeni wa nchi, ilibidi mke wangu, aliyekwisha kuambiwa na majirani, anieleze baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba katika mji ule karatasi zenye majina ya familia zilikuwa zimeshasomwa na wauaji, tena kwenye vizuizi vya barabarani, na si kwa heri. Kwa hiyo nikajifunza kwa kichwa. Kila jioni Dativa alikaa kwenye kigoda karibu na jiko akanifundisha watu wake, na hakuwahi kunisimulia walivyokufa, alinisimulia walivyokuwa: baba yake Karekezi, mwana wa Sebagabo, aliyekuwa anagombana na redio, mama yake Mukandoli, kaka yake Gasana aliyetembea kwa kurusha mguu, dada yake Uwera, na wa mwisho, Inosenti, aliyeng'oka meno ya mbele yote kwa pamoja, akawa anaongea maneno yanatoka upepo mtupu, nao nyumbani wakawa wanamsemesha kwa makusudi ili wamsikie. Nikawajua watu wale. Nilifika mahali nikiwa peke yangu sokoni nawaza, huyu mteja anatembea kama Gasana.

Sasa hapo ndipo gego lilipoingia. Gego la mwisho kabisa, chini kulia, lile wanaloliita jino la akili, ambalo mimi lilinitokea nikiwa baba wa watoto na akili halikuniletea hata kidogo. Lilianza kwa kuuma kidogo nikitafuna, nikaweka karafuu. Likaendelea, nikaweka ugoro. Mke wangu akasema nenda ukaling'oe sasa, siku ya wageni bado iko mbali, nikamwambia litapoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, kwa sababu utotoni nilimwona mjomba wangu akitolewa jino na fundi wa baiskeli, na koleo lile lilikuwa na grisi. Basi nikasukutua maji ya chumvi, nikalalia upande mmoja, nikatafuna upande mmoja, nikaongea upande mmoja, na kila mke wangu akinitazama nikatabasamu upande mmoja.

Asubuhi ya siku yenyewe nikaamka shavu limejaa kama nimeficha andazi, ladha ya usaha mdomoni, na taya limekaza, kinywa hakifunguki zaidi ya kuingia kijiko cha chai. Nikakaa kitandani nikajiuliza, msemaji wa namna gani huyu? Wageni ni saa tisa. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga: nikiling'oa asubuhi hii, mchana nitakuwa nimepona. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu. Nikamwambia mke wangu naenda kutafuta viti vya kuongezea, nikatoka.

Nyuma ya maduka ya Nyabugogo kulikuwa na daktari wa meno Mkongomani, mtu wa Bukavu, aliyepanga chumba kimoja, na foleni yake ilikuwa ndefu kwa sababu mji mzima ulikuwa na meno yaliyosubiri. Ilipofika zamu yangu jua lilikuwa limeshapanda sana. Akachungulia, akavuta pumzi kwa pua, akasema, "Papa, jino hii iko na usaha. Kunywa dawa kwanza, urudi juma ijayo." Na angekuwa mwingine angenifukuza, lakini nilimwangukia, nikamdanganya kwamba nasafiri, nikamdanganya kwamba nina mgonjwa Bujumbura, mpaka akakubali kwa shingo upande. Sindano ya kwanza haikushika, akasema nyama yenye usaha inakataa dawa, akachoma tena, akachoma tena, mpaka nusu ya uso wangu ikaondoka ikaniacha. Kisha akaanza kulivunja. Sikusikia maumivu makubwa, nilisikia mlio ndani ya kichwa, wa kitu kinachopasuka, na nilipofumbua macho gego lilikuwa kwenye sahani vipande vipande.

Akanijazia pamba, akanipa masharti: niume pamba, nisiteme, nisisukutue, na nisivute kitu chochote kwa mdomo, si sigara wala mrija, maana nikivuta damu itafunguka. Nikaitikia yote. Nani anawaza mrija akiwa ametoka kwenye koleo?

Nyumbani mke wangu aliponiona alikaa juu ya robota la mitumba, akashika kichwa. Mdomo ulikuwa umelala upande, mate yananitoka sina habari, na nilipotaka kumweleza ikatoka sauti ambayo hata mimi sikuielewa. Akasema basi fundi cherehani aseme badala yangu. Nikajaribu kumfundisha fundi yale majina, nikakazana mpaka pamba ikaloa, yeye anainama karibu, anaitikia kwa heshima, na haelewi hata moja. Mke wangu mwenyewe aliyajua nusunusu kwa kuyasikia akiwa jikoni. Kuandika, nilishaambiwa hapana. Akasema twende tumwambie Dativa. Nikamzuia kwa mikono. Msichana alikuwa chumba cha ndani anasukwa, anangojea kusikia watu wake wanatajwa, niende nikamwonyeshe mdomo huu? Nikajisemea ganzi itaisha, wageni wana mazoea ya kuchelewa.

Hawakuchelewa. Walikuja na kiongozi wao Mzee Ruhinda, mzee mwembamba mwenye kofia na fimbo, msemaji wa upande wa mvulana, mtu ambaye nilikuwa nimesikia sifa zake na nilikuwa na hamu ya kupambana naye. Tukakaa chini ya mashitingi ya bluu, yale maturubai ya wakimbizi, tuliyoyafunga uani, safu mbili zinatazamana, viti vya parokia, mimi katikati nimevaa shati jeupe. Nikasimama kuwakaribisha. Maneno niliyokuwa nimeyatengeneza wiki nzima, ya ng'ombe na ya maziwa na ya njia iliyonyooka, yalitoka kama mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi. Wageni wakatazamana. Kijana mmoja nyuma akanong'ona kwamba mwenyeji ameanza kunywa mapema, wakacheka kidogo kwa adabu. Mzee Ruhinda hakucheka, alisema tu kwamba msemaji wa wenyeji amekuja na maneno mazito, watayapokea polepole. Alikuwa ananisitiri, na nilimpenda kwa hilo, na niliona haya zaidi.

Nikakaa. Nikasema moyoni, utani wote acha upotee, mimi nitunze nguvu kwa ajili ya majina, nitayasema taratibu, moja moja, hata kama nitashika taya kwa mkono.

Lakini kabla ya majina kuna pombe. Mke wangu alikuwa ametengeneza pombe ya mtama, kazi ya siku nyingi, na chungu kikaletwa katikati na mirija yake ya matete. Nilipoiona ile mirija nikamkumbuka daktari. Na desturi ni kwamba mwenyeji anaonja kwanza, mbele ya wote, wageni waone kwamba hakuna kitu kibaya ndani, na bila hivyo hakuna mgeni atakayegusa. Ni desturi ya zamani, lakini mwaka ule haikuwa desturi tu. Mwaka ule mtu hakunywa kwa mtu asiyemjua bila kumtazama kwanza usoni.

Nikainama, nikaweka midomo kwenye mrija, nikameza mate, nikainuka nikipangusa midomo kama mtu aliyeburudika.

"Mwenyeji," akasema Mzee Ruhinda kwa upole, "koo lako limecheza, lakini povu halijatikisika."

Nikaona wageni wanalitazama lile povu, kisha wananitazama mimi. Nikaelewa kwamba nisipokunywa watu hawa wataondoka na midomo mikavu, na hawatasema kwamba Papa Alini ana jino, watasema yule msichana asiye na watu, waliokaa badala ya watu wake walikuwa watu gani? Nikainama tena nikavuta. Nikavuta kwelikweli, kwa nguvu, ili hata walioko nyuma waone.

Ilikuwa pombe nzuri. Nikainuka, nikatabasamu nusu, nikafungua mikono, nikasema karibuni.

Kwa sababu ya ganzi sikuhisi kitu, nilijua kwa kuziona nyuso zao. Mzee Ruhinda alisogeza kiti nyuma. Nikadhani ni mate, nikapitisha kiganja kidevuni, nikakitazama, chekundu, nikatazama shati, jekundu mpaka kwenye mkanda, na ndani ya chungu lile povu jeupe la mke wangu lilikuwa linanyonya damu. Nilitaka kusema si kitu. Nilipofungua mdomo ikatoka nyingine.

Yule mama mjane, shangazi wetu wa kuazima, alipiga ukelele mmoja akajifunika uso kwa kitenge. Viti vikaanguka. Kuna watu waliokimbia, na hawakukimbia kwa woga wa jino, jamani, jino hawakulijua, walimwona mtu ameketi kwenye kiti cha baba, katika karamu, damu zimemjaa shati. Mimi mgeni wa Buyenzi nilikuwa nimefanya mbele ya watu wale kitu ambacho hakuna aliyepaswa kukiona tena maishani, na nimekifanya kwa uoga wangu wa koleo.

Mlango wa chumba ukafunguka akatoka Dativa, nywele nusu zimesukwa, miguu mitupu, kabla ya kuitwa, kitu ambacho binti hafanyi. Akanitazama.

"Papa Alini," akasema, "nani amekukata?"

Nilikuwa nimejaa damu mdomoni na nilikuwa nalia. Ni mke wangu aliyesema kutoka jikoni, ni jino, ni jino tu, asubuhi ameng'oa jino, na neno hilo likapita safu hadi safu, jino, jino, na watu wakaanza kucheka, kicheko kile kinachokatikia njiani, na kufumba na kufumbua safu zote mbili zilikuwa zinalia, wageni na wenyeji. Dativa akapiga magoti mbele yangu, akachana ncha ya nguo yake mpya, akaikunja, akanisukumia ndani kwenye pengo, akaniambia ning'ate. Nikang'ata. Halafu, kwa sababu mimi ni mpumbavu na kwa sababu nilikuwa nimeahidi, nikaanza kuyasema majina hivyohivyo na kitambaa mdomoni. Nikasema la baba yake. Nikasema la mama. Ikawa milio tu.

Akanisikiliza, ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Acha. Ninasema mwenyewe."

Akasimama katikati ya safu mbili. Sijawahi kuona tena binti akisema siku ya kuombwa kwake. Akawataja, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayewatambulisha watu waliokaa pale, baba, mama, Gasana, Uwera, Inosenti. Mzee Ruhinda akavua kofia. Safu yake yote ikasimama, na yetu ya kuazima ikasimama, na alipomaliza mzee akasema:

"Binti yetu, tumewasikia. Sisi kuomba, tunaomba kwao." Akanigeukia mimi. "Msemaji, wao wanajibuje?"

Wote wakanitazama, shati langu na kitambaa changu. Miaka yote najivunia mdomo, na ilipofika saa yake sikuwa nao. Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo hotuba pekee niliyoitoa siku ile.

Harusi ilifanyika, mimi nikiwa kitandani na homa na dawa za yule Mkongomani, aliyekuja kunitibu akiwa amenuna, na alikuwa na haki ya kununa. Kabla ya harusi Dativa alikuja kuniletea uji. Nikamwomba radhi, ulimi umerudi kidogo, nikamwambia nimekuharibia siku yako, nimewaharibia watu wako majina. Akawa anaupooza uji kwa kijiko, hanitazami.

"Usione haya, Papa Alini," akasema. "Pale ulikuwa unasema jina ya baba na ile kitambaa, ulisema sawasawa na Inosenti. Nilifunga macho, nikasikia ni yeye."

Basi tukalia wote wawili, uji ukapoa kabisa.

Tangu siku ile jino likinigusa tu, hata kwa utani, nakwenda siku hiyohiyo, na mtu akiniletea mrija hata wa soda namwomba glasi. Usemaji niliacha. Nimeombwa mara nyingi nikakataa, na watu wanadhani nimezeeka. Lakini lipo jambo linaloniuma kuliko gego lile lilivyoniuma, kwamba nilikabidhiwa majina yale kwa kichwa, jioni nyingi, karibu na jiko, na mbele ya watu sikuyasema hata siku moja. Leo mdomo wangu ni mzima na nyinyi mko hapa. Karekezi, mwana wa Sebagabo. Mukandoli. Gasana. Uwera. Inosenti. Nimeyasema yote, na hakuna nililokosea.